Mwizi si Juma, basi ni nani?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya sehemu tatu kuhusu usugu wa dawa nimeisoma yote. Nilikata kurasa nikazibandika ukutani maabara, ili wanafunzi walioko kwenye mafunzo kwa vitendo wazisome wakati wanasubiri mashine. Mwandishi kafanya kazi nzuri. Ila kuanzia mstari wa kwanza hadi nukta ya mwisho kazungumzia bakteria tu. Fangasi hawakutajwa hata mara moja, kana kwamba wao bado wanasikia dawa zote kama zamani. Mimi ni mtaalamu wa maabara, huu ni mwaka wa 19 nikiwa kwenye benchi la kuotesha damu, yaani kutafuta vimelea kwenye damu ya wagonjwa, na naomba nafasi nieleze habari za hao waliosahaulika. Naomba nikijua kwamba na mimi ni miongoni mwa waliowasahau.

Ukitaja fangasi, watu wengi wanafikiria mba, utando mweupe mdomoni mwa mtoto, au muwasho wa katikati ya vidole. Sizungumzii hao wa kupaka dawa wakaondoka. Nazungumzia chachu, yaani fangasi wa chembe moja moja, inayoingia kwenye damu ya mgonjwa aliyelazwa, ikasambaa hadi kwenye figo, macho na moyo. Hospitalini wanaoongoza kwa hilo ni jamii ya Candida. Mtu mzima wa afya anaweza kuishi nao tumboni, mdomoni na kwenye ngozi miaka yote asijue kama wapo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu yuko ndani zaidi ya nguo. Anapata upenyo pale antibayotiki kali zinapofagia bakteria waliokuwa wakimbana, utumbo unapopasuliwa, chembe nyeupe za damu zinaposhuka kwa sababu ya dawa za saratani, mtoto anapozaliwa njiti, au mrija unapokaa wiki nzima kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba mlango mara nyingi tunaufungua sisi wenyewe, tena katika kumwokoa mgonjwa.

Sasa nieleze lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita, saa saba usiku, chupa ya damu kutoka wodi ya wagonjwa mahututi ililia kwenye mashine, ishara kwamba kuna kimelea kinaota ndani yake. Nikapaka tone kwenye kioo, nikalitia rangi ya Gramu, nikatazama kwenye hadubini. Zilikuwepo: chembe za zambarau zenye umbo la yai, kubwa mara kadhaa kuliko bakteria, nyingine zimechipua kichipukizi ubavuni. Nikapiga simu wodini. "Daktari, kitanda cha nne ana chachu kwenye damu." Daktari wa zamu, kijana, akajibu: "Asante dada, tunaanza flukonazoli sasa hivi." Flukonazoli ni dawa ya fangasi. Nikafurahi. Nilikuwa nimewahi, nilikuwa nimepiga simu badala ya kungoja asubuhi, na kwenye daftari la simu niliandika saa na dakika kwa mwandiko mzuri.

Kesho yake vimelea vilikuwa vimeota kwenye sahani ya kuoteshea, vyeupe na laini. Nikafanya kipimo tulichokuwa tukifanya siku zote: unachukua kidogo, unakichanganya na seramu, unakiweka kwenye nyuzi 37 kwa saa mbili au tatu, kisha unatazama kama chembe zimetoa kimirija. Zikitoa, huyo kwa kawaida ni Candida albicans. Hazikutoa. Nikaandika kwenye majibu: "Candida, si albicans." Nikasaini. Huo ndio uliokuwa utaratibu wetu, na sikuwahi kusikia mtu akiulalamikia.

Homa haikushuka. Siku ya tatu chupa nyingine ililia, siku ya tano nyingine tena. Kila mara niliandika maneno yale yale. Nakiri kwamba ya mara ya tatu niliyanakili tu kutoka majibu ya kwanza. Siku ya sita daktari bingwa wa wodi ile, mzee ambaye hatukuzoea kumwona huku chini kwetu, aliingia maabara na karatasi zote tatu mkononi. Hakufoka. Alizipanga mezani mbele yangu akasema: "Mwanangu, nyumba imevunjwa, na wewe umeniambia mara tatu kwamba mwizi si Juma. Nimekuelewa, si Juma. Basi ni nani?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa na mashine inayoweza kutambua chachu, lakini kadi zake zilikuwa chache, na tulizibania kama vile ni za harusi. Siku hiyo nilitoa moja. Mashine ikasema Candida haemulonii, jina ambalo sikuwahi kulikuta kwenye damu ya mtu. Mwenzangu ndiye aliyekumbuka kusoma mahali kwamba mashine za aina hiyo, zikiwa na kumbukumbu ya zamani, zinamwita hivyo fangasi mwingine ambaye hazimjui. Tukakiotesha upya kwenye nyuzi 42, joto ambalo haemulonii halivumilii. Kikaota kama kimewekwa nyumbani kwao. Tukakipeleka kwenye maabara kubwa yenye mashine inayopiga vimelea kwa leza na kusoma protini zake, na jibu likarudi: Candida auris, flukonazoli haimgusi.

Yule mzee hakungoja jibu hilo. Siku ile ile aliyokuja kwetu alibadilisha dawa na kung'oa mrija wa shingoni. Damu ikasafika. Mgonjwa alifariki wiki ya tatu. Alikuwa mgonjwa sana tangu alipoingia, utumbo wake ulikuwa umetoboka, kwa hiyo siwezi kusimama nikasema ni fangasi peke yake aliyemuua, wala ni karatasi yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa siku tano aliwekewa dripu ya dawa ambayo kwa kimelea kile ilikuwa sawa na maji, na aliyekuwa na uwezo wa kulijua hilo mapema ni mimi.

Huyo Candida auris alielezwa kwa mara ya kwanza na wanasayansi mwaka 2009, baada ya kupatikana kwenye sikio la mgonjwa nchini Japani. Auris ni sikio kwa Kilatini. Baadaye watu walipofukua vimelea vya zamani vilivyogandishwa, wakamkuta Korea Kusini kwenye sampuli ya damu ya mwaka 1996, akiwa amepewa jina lisilo lake. Mwaka 2016 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilitoa tahadhari kwa hospitali. Kwa takwimu zao, takriban asilimia 90 ya sampuli zilizopimwa huko hazikusikia flukonazoli, na kama asilimia 30 hazikusikia amfoterisini B, dawa nyingine ya fangasi. Kundi la dawa za ekinokandini, yaani kina kaspofungini na mikafungini, lilikuwa bado linafanya kazi kwa sehemu kubwa, wasiolisikia wakiwa chini ya asilimia 5.

Tena huyu ana tabia ambayo wenzake wengi hawana: anahama kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, na vitu vya wodini ndivyo usafiri wake. Nawasimulia wanafunzi kila mara habari ya hospitali moja ya Oxford, Uingereza. Kati ya mwaka 2015 na 2017 walipata wagonjwa 70 waliokuwa na fangasi huyu, akiwa amekaa mwilini tu au akiwa tayari kawaletea ugonjwa, na 66 kati yao walikuwa wamepitia wodi moja ya mahututi ya magonjwa ya ubongo. Walisafisha, wakapima, wakatafuta. Kilichowaponza ni vipimajoto vya kwapani, vile vinavyotumika kwa mgonjwa huyu vikahamia kwa yule. Maambukizi yalipungua baada ya vipimajoto hivyo kuondolewa. Anakaa kwenye plastiki na vyuma kwa wiki kadhaa, na baadhi ya dawa za kawaida za kufutia vitanda hazimuui. Anataka klorini au haidrojeni peroksaidi. Msimamizi wa usafi ana haki ya kujua hilo, lakini atalijuaje ikiwa maabara imeandika "si albicans"?

Kwa nini dawa za fangasi ni chache kiasi hiki? Kwa sababu fangasi ni jamaa zetu kuliko tunavyopenda kukubali. Bakteria ana mwili wa kigeni kabisa, unaweza kumpiga mahali kumi ambapo binadamu hana kitu kama hicho. Chembe ya chachu ina kiini kama chembe yako, mitambo ya ndani ni kama yako, na sumu ikimpata yeye ni rahisi ikupate na wewe. Zimebaki tofauti chache za kushika. Utando wake umejengwa kwa mafuta yanayoitwa ergosteroli, sisi tuna kolesteroli. Na nje ana ukuta, sisi hatuna. Jamii ya flukonazoli inazuia utengenezaji wa ergosteroli. Amfoterisini B inashikana na ergosteroli yenyewe na kuuharibu utando. Ekinokandini zinazuia ufumaji wa ukuta. Ipo na flusitosini, lakini haitumiwi peke yake kwa maambukizi ya damu kwa sababu usugu unakuja haraka. Kwa mgonjwa mwenye chachu kwenye damu, ghala letu kwa kweli lina makundi matatu. Ukipoteza moja umebaki na mawili, na moja kati ya hayo mawili linajulikana kwa kuumiza figo.

Njia za usugu hazina maajabu. Fangasi anabadilisha kidogo umbo la kimeng'enya ambacho dawa inakilenga, dawa inafika isipate pa kushika. Au anaongeza pampu kwenye utando wake na kuitema dawa nje kila inapoingia. Au anajenga tabaka la ute juu ya mrija wa plastiki na kujificha humo, ndiyo maana kumwaga dawa huku mrija umebaki shingoni ni kazi bure mara nyingi. Wengine hawahitaji kujifunza chochote: Candida krusei kazaliwa haisikii flukonazoli, na Candida glabrata anaweza kuanza matibabu akiwa anasikia na kuyamaliza akiwa sugu, ndani ya mgonjwa yule yule. Kwa hiyo jina pekee, hata kabla ya kipimo cha dawa, tayari ni nusu ya ushauri. (Wataalamu wa majina nao hawana huruma. Glabrata siku hizi anaitwa Nakaseomyces glabratus, krusei ni Pichia kudriavzevii, na auris juzijuzi wamempa Candidozyma. Mimi kwenye majibu naandika jipya na la zamani yote mawili, la sivyo simu haziishi.)

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi wa kupewa kipaumbele, 19 kwa jumla. Kwenye kundi la juu kabisa kuna wanne, na watatu kati yao ni chachu: Candida auris, Candida albicans na Cryptococcus neoformans. Wa nne ni ukungu, Aspergillus fumigatus. Naitaja orodha hii kwa sababu moja: nikiomba fedha za kununua vifaa vya kupimia fangasi, bado naambiwa nisubiri bakteria wamalizwe kwanza.

Sasa nije kwenye mkojo, maana hapa ndipo tunapoharibia. Mgonjwa anakaa na mpira wa mkojo siku kumi, sampuli inaletwa, chachu inaota. Sisi tunaandika "Candida imeota," wodini wanasoma, wanaanza flukonazoli. Kumbe kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa namna hii wasio na dalili, chachu hiyo imejiegesha tu kwenye mpira. Ukitoa mpira, au ukiubadilisha kama hauwezi kutolewa, mara nyingi inaondoka yenyewe. Wapo wa kutibiwa: watoto njiti wenye uzito mdogo sana, wagonjwa ambao chembe zao nyeupe zimeshuka mno, na wanaokaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Makohozi ni vivyo hivyo. Kandida kwenye makohozi ya mtu aliye kwenye mashine ya kupumulia ni nadra sana kuwa ndiye aliyesababisha nimonia. Lakini dawa inatolewa, siku saba, siku kumi na nne, na kila siku moja ya dawa hiyo inawafyeka wanaosikia na kuwaachia uwanja wasiosikia. Tunapanda mbegu ya usugu kwenye kitanda kile kile ambacho wiki mbili baadaye chupa ya damu italia.

Msidhani nawalaumu madaktari peke yao. Aliyeandika "Candida imeota" bila neno lingine ni sisi. Siku hizi, kwa mkojo wa mwenye mpira, naongeza mstari unaosema kwamba mara nyingi hii si maambukizi, badilisha mpira na urudie sampuli. Mstari mmoja tu. Kuna daktari alinipigia kunishukuru, na kuna mwingine aliuliza kwa ukali nimeanza lini kutibu wagonjwa. Wote wawili sasa wanabadilisha mipira.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nimelisikia kwa masikio yangu. "Ukiniambia ni sugu, nitampa nini? Kwenye stoo nina flukonazoli tu." Ni swali la kweli na si la kupuuzwa. Ekinokandini hutolewa kwa dripu tu na hospitali nyingi hazina. Amfoterisini inahitaji mtu wa kuangalia figo na potasiamu kila siku. Hata hivyo jina linampa daktari vitu ambavyo havitoki stoo. Anajua mrija ung'olewe leo, usingoje kesho kutwa. Anajua mgonjwa akae peke yake, na kipimajoto chake kisitoke mle chumbani. Anajua aache kumwaga dawa isiyofaa. Anapata na karatasi ya kumwekea mezani mfamasia na mkurugenzi, kwa sababu dawa isiyoombwa kwa maandishi hainunuliwi.

Maabara isiyo na mashine ya leza nayo haina kisingizio kikubwa hivyo. Zipo sahani ambazo kila Candida anaota kwa rangi yake: albicans kijani, tropicalis buluu, krusei waridi tena wa kukwaruza (auris anadanganya kwenye baadhi ya sahani hizo, kwa hiyo ukimtilia shaka tumia nyuzi 42 na mpeleke mbele). Kwa kupima dawa, sahani ya kawaida ya Mueller-Hinton, ile tunayopimia dawa za bakteria, ukiiongezea glukosi asilimia 2 na methilini bluu, kidonge cha karatasi chenye flukonazoli kinakupa jibu ndani ya siku moja. Chachu yoyote kutoka kwenye damu ipewe jina kamili, ipimwe dawa, na igandishwe. Hilo la mwisho linaniuma. Vimelea vyote vya miaka yangu ya "si albicans" nilivitupa kwenye jiko la kuchomea taka, na leo ningetamani kuvifungua nione kina nani walikuwemo.

Niongeze jambo kwa ndugu wanaouguza, kwa sababu gazeti lenu linasomwa na wao kuliko na sisi. Damu iliyooteshwa ikakosa kitu haimaanishi kwamba kandida hayumo. Kipimo hicho kinamkosa karibu nusu ya wagonjwa ambao fangasi ameshajikita ndani ya mwili. Na akipatikana, damu inatakiwa irudiwe mara kwa mara mpaka isafike, na matibabu ya siku 14 huhesabiwa kuanzia siku iliposafika, si siku dawa ilipoanza. Macho nayo hukaguliwa. Mkiwa wodini mkamuuliza daktari "fangasi huyu anaitwa nani?" hamjamvunjia heshima. Akikosa jibu, atatupigia simu, na hiyo simu tunaihitaji.

Mkiamua kuandika sehemu ya nne, mtumeni mwandishi wenu aje asubuhi kabla ya saa nne, tunapofungua inkubeta, kabati la joto la kuoteshea vimelea. Nitamwonyesha sahani mbili. Kwenye moja, kidonge cha flukonazoli kimezungukwa na duara safi, pana, hakuna kilichoota. Kwenye ya pili, chachu imeota nene mpaka ukingoni mwa kidonge, imekigusa. Ya pili ni ya jana, imetoka kwenye damu ya mtoto njiti. Jina lake tulilituma wodini kabla ya chakula cha mchana.

Wako katika kazi,
Mtaalamu wa maabara
(jina langu nimelitoa kwa mhariri)